Kitanda Kilichokalia Ofisi: Kisa cha Chumba Kimoja Zimmerman

Chumba chenyewe kina futi 10 kwa 12. Kiko ghorofa ya tatu, mtaa wa Zimmerman, Nairobi, katika jengo la bedsita, yaani nyumba za chumba kimoja, ambamo milango inatazamana ushorobani. Ukiingia, pembeni kuna choo na bafu, na kando yake sinki na jukwaa la zege la kupikia. Dirisha ni moja, upande wa magharibi. Soketi ni mbili: moja jikoni, nyingine chini ya dirisha. Mwenye chumba aliponipigia simu hakutaja lolote kati ya hayo. Alisema tu, "Fundi, nimenunua meza ya kazi na inanitesa. Njoo unikatie."

Mimi ni fundi wa mbao. Kabla ya Machi 2020, kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa Kenya tarehe 13 mwezi huo, watu waliniagiza vitanda, makabati na meza za kulia. Tangu hapo haupiti mwezi bila mtu kuniomba meza ya kufanyia kazi nyumbani, na mara nyingi nyumba yenyewe ni chumba kimoja. Kisa hiki nimekichagua kwa sababu karibu kila kosa ninalolikuta kwingine lilikuwamo humu, langu mwenyewe likiwamo. Mwenyewe ameniruhusu nikieleze bila kumtaja jina. Nitamwita dada, kama ninavyomwita tukiongea.

Dada anajibu simu na ujumbe wa wateja wa kampuni moja ya Uingereza. Saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao na saa tatu wakati wa baridi. Kwa hiyo zamu inayoanza London saa tatu asubuhi, kwake huanza saa tano au saa sita mchana na kuisha saa moja au saa mbili usiku. Jambo hili ndilo lililoamua mambo mengi kuliko ukubwa wa chumba. Zamu ya namna hiyo hupambana na jua la alasiri kwenye dirisha la magharibi, kisha na watoto wanaotoka shule, kisha na jirani anayerudi kutoka kazini na kuwasha runinga. Mtu wa zamu ya asubuhi, katika chumba kilekile, ningempangia tofauti kabisa.

Miezi mitano ya kwanza alifanyia kazi kitandani, mgongo ukutani, kompyuta mapajani. Maumivu yalianzia shingoni yakashukia bega la kulia. Kliniki walimpa dawa na kumwambia abadilishe namna anavyokaa. Ndipo akanunua meza: urefu sentimita 150, upana 75, kimo 75, na droo mbili chini. Akaiweka mahali palipobaki wazi, kati ya kabati na jikoni, mlango ukiwa mgongoni mwake. Alikalia kiti cha plastiki chenye mto juu yake. Waya wa stima ulitoka soketi ya dirishani, ukapita chini ya kitanda na mbele ya mitungi ya maji, ndipo ukafika mezani. Kabati lilifunguka nusu tu. Na bega halikupoa.

Nilipoingia, jicho langu lilienda kwenye kitanda. Kilikuwa futi 5 kwa 6, kichwa kikiwa chini ya dirisha. Piga hesabu: futi 30 za mraba kati ya 120, yaani robo nzima ya chumba. Na si robo yoyote tu. Ni ile yenye mwanga, yenye hewa na yenye soketi. Router, kile kifaa cha kugawa intaneti, nayo ilikuwa hapohapo, sakafuni, imesukumwa nyuma ya mguu wa kitanda. Kila kitu ambacho ofisi inahitaji kilikuwa kimekaliwa na chombo ambacho hutumika usiku, gizani, mtu akiwa amefumba macho.

Nimeona jambo hili katika vyumba vingi. Mtu akihamia, kitanda ndicho huingia kwanza kwa kuwa ndicho kikubwa, na huwekwa panapopendeza zaidi. Kuanzia siku hiyo huwa kama nguzo ya nyumba. Vingine vyote hukizunguka, na ofisi inapokuja miaka miwili baadaye hupewa mabaki. Watu huniuliza meza ya aina gani inafaa chumba kidogo. Siku hizi huwa nauliza kwanza kitanda kiko wapi.

Nilipendekeza abadilishe achukue cha futi 3 na nusu kwa 6. Hapo angepata futi 9 za mraba. Alikataa. "Kitanda usiniguse, fundi. Mdogo wangu akifunga shule analala wapi?" Hoja ilikuwa ya haki na sikuibishia. Chumba kimoja ni nyumba kwanza, na mpango unaosahau wageni wa mwenye nyumba hautadumu likizo moja. Kwa hiyo kitanda kingebaki na ukubwa wake, ila kingehama.

Nilitoa chaki nikachora sakafuni. Fundi mwingine hutumia magazeti yaliyokatwa kwa vipimo vya kila chombo, na hiyo ni njia nzuri pia. Muhimu ni kutembea juu ya mchoro kabla ya kubeba chochote. Fungua mlango wote. Fungua kabati. Jifanye umebeba ndoo ya maji kutoka mlangoni hadi jikoni. Tulijaribu mara tatu. Mpango ulioshinda ulikuwa huu: kitanda kiende pembe ya ndani, mbali na dirisha, ubavu wake ukigusa ukuta wa kusini. Kabati lifuate ukuta huohuo, kati ya kitanda na dirisha. Meza ichukue upande wa dirisha.

Hapa ndipo nilipokosea. Niliiweka meza ikitazama dirisha moja kwa moja, kwa kuwa nilidhani mtu anayekaa ndani siku nzima apewe mandhari. Tulifanya kazi hiyo asubuhi, na asubuhi pale palikuwa pazuri. Alasiri jua likamkuta. Nairobi iko karibu digrii 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la jioni hushuka magharibi mwaka mzima, likiegemea kaskazini kidogo mwezi Juni na kusini kidogo Desemba. Hakuna msimu wa kulikwepa. Siku tatu baadaye aliniambia anafunga pazia zito saa nane na kuwasha taa mchana, na kwamba kichwa kinamuuma. Skrini ikiwa na mwanga mkali nyuma yake, macho hayajui yafuate upi.

Nilirudi nikaigeuza kwa robo mzunguko. Sasa meza inagusa ukuta wa kaskazini na dirisha liko mkono wake wa kushoto. Huo ndio mkao ninaoupendelea: dirisha ubavuni, lisiwe mbele wala nyuma. Likiwa nyuma, mwanga huakisiwa kwenye skrini, na katika mkutano wa video wenzako huona kivuli cheusi bila uso. Likiwa upande wa kushoto, anayeandika kwa mkono wa kulia hapati kivuli cha mkono wake kwenye karatasi. Mapazia yakawa mawili: jepesi jeupe la kuchuja jua, na zito la usiku. Yote alinunua soko la Gikomba kwa shilingi 900, akayakata na kuyapinda mwenyewe.

Kuna faida nyingine ya dirisha la ubavuni ambayo sikuwa nimeifikiria mpaka nilipopima. Wataalamu wa macho hushauri kwamba kila dakika 20 mtu atazame kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Chumba cha dada, kona hadi kona, hakifiki hata mita 5. Ndani ya chumba hicho hakuna mahali pa kupumzishia macho. Nje, tangi la maji juu ya jengo la pili liko mbali vya kutosha. Anageuza shingo kushoto, analitazama, anarudi kazini.

Kisha nikafika kwenye meza yenyewe. Meza nyingi za dukani zina kimo cha kati ya sentimita 72 na 76. Kimo hicho kinamfaa mtu mrefu. Dada ana sentimita 158. Nilimkalisha, miguu ikiwa imetulia chini, magoti yamepinda vizuri, mabega yamelegea, viwiko vikining'inia ubavuni. Nikapima kutoka sakafuni hadi kiwiko: 67. Kibodi ina unene wa sentimita 2, kwa hiyo ubao wa meza ulipaswa kuwa 65. Wake ulikuwa 75. Kila siku, kwa saa nane, alikuwa akiinua mabega kwa sentimita 10 ili mikono ifikie kibodi. Bega la kulia liliumia zaidi kwa sababu mkono huo ndio uliofanya kazi zaidi. Nilipomwonyesha kwenye futi kamba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na nilidhani ni uzee." Ana miaka 29.

Hilo huniuma ninapoliona. Watu wanalaumu miili yao, wanalipa dawa, na tatizo ni sentimita 10 za mguu wa meza ambazo msumeno unazimaliza kwa robo saa.

Nilikata miguu. Nilitoa droo zote mbili, maana meza ikishuka, droo ingekaa juu ya mapaja na magoti yasingeingia. Urefu nao niliupunguza kutoka 150 hadi 100. Meza ilikuwa ya mbao za kushindiliwa, zile za unga wa mbao na gundi, na hizo zina tabia moja lazima uijue: ukikata, ukingo ulio wazi hunywa maji na kuvimba kama mkate kwenye chai. Katika chumba chenye mitungi ya maji na sufuria inayochemka hilo ni suala la wiki tu. Niliziba kingo kwa gundi, nikabandika utepe wa plastiki kwa pasi ya moto. Upana wa 75 niliuacha kwa makusudi. Watu wa vyumba vidogo hupenda meza nyembamba, lakini skrini inapaswa kukaa mbali kama urefu wa mkono, na meza ya sentimita 40 huileta puani.

Kipande kilichobaki, sentimita 50 kwa 75, hakikutupwa. Kilitoa kisanduku cha kupandishia kompyuta, hadi ukingo wa juu wa skrini ukawa sawa na macho yake. Kompyuta ya kubebeka ina kasoro ya kuzaliwa kwa kazi ya kutwa. Skrini na kibodi vimeungana, kwa hiyo ukiiweka pazuri kwa mikono inakuwa chini kwa shingo, na ukiiweka pazuri kwa shingo mikono inapaa. Dawa yake ni kuvitenganisha. Kibodi na kipanya vya kuchomeka alivipata barabara ya Luthuli, mjini, kwa shilingi 1,500, na kama ningelazimika kuchagua kitu kimoja tu cha kununua katika kisa hiki kizima, ningechagua hivyo kabla ya meza na kabla ya kiti.

Kiti alinunua kilichotumika, shilingi 5,500. Nilimwelekeza namna ya kukikagua: kipandishe hadi juu, kikalie dakika kumi, uangalie kama kinashuka polepole. Kikishuka, bomba lake la gesi limechoka. Aliviacha viwili, akachukua cha tatu.

Keateka, yaani msimamizi wa jengo, alikuwa ametuonya tusitoboe ukuta hata tundu moja, la sivyo deposti inakatwa. Kwa hiyo rafu haikutundikwa. Niliifanya ya saiprasi, imesimama juu ya meza na kufungwa kwa skurubu kwenye ubao wa meza kutoka nyuma. Saiprasi ilikuwa imekauka vizuri. Ile mbichi hupinda ikishaingia ndani ya nyumba, na mteja hugundua wakati fundi ameshalipwa.

Stima nilimwachia fundi wa stima, ila mambo mawili niliyasimamia kwa sababu yaliniogopesha. La kwanza ni maji. Katika jengo lao maji huja kwa zamu, kwa hiyo kila nyumba ina mitungi, na waya wake wa kurefushia ulikuwa umelala sakafuni mbele ya mitungi hiyo. Sasa sehemu yenye matundu ya soketi imefungwa chini ya ubao wa meza, juu kabisa ya sakafu, na waya umekuwa mfupi kwa kuwa meza imeifuata soketi. La pili ni birika la umeme. Kompyuta hutumia kama wati 65, router wati 10, taa wati 9. Zote pamoja hazifiki 100. Birika peke yake ni wati 2,000 hivi, na alikuwa analichomeka kwenye waya uleule mwembamba. Soketi ya ampea 13 kwa volti 240 hubeba wati 3,000 na kidogo, lakini waya wa bei rahisi haubebi hivyo, huungua kimyakimya ndani ya plastiki yake. Birika lilirudi jikoni.

Stima ikipotea, kompyuta yake hudumu saa tatu kwa betri. Router ndiyo ilikuwa ikimkatisha mazungumzo na mteja. Aliwekewa betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7. Hiyo ni wati-saa 84, na betri ya aina hiyo, ya risasi na asidi, si vizuri kuimaliza kupita nusu, kwa hiyo hesabu 42. Kwa router ya wati 10 ni kama saa nne. Inatosha kwa kukatika kwa jioni nyingi. Router yenyewe ilipanda juu ya rafu, na kompyuta ikaunganishwa nayo kwa waya. Katika jengo lenye nyumba nyingi, kila moja na mtandao wake, mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hugombana kama matatu kwenye stendi moja. Yale ya gigahezi 5 ni mepesi na hayavuki kuta vizuri, jambo ambalo katika chumba kimoja ni faida. Lakini waya wa mita moja unayashinda yote mawili.

Kelele ilituchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu dada alikuwa akiita vitu viwili kwa jina moja. Wateja walimlalamikia kwamba sauti yake inasikika kama ya mtu aliye bafuni. Huo ni mwangwi, unatokana na kuta tupu na sakafu ya vigae, na hupunguzwa kwa vitu laini: zulia, mapazia mazito, nguo, godoro. Runinga ya jirani ni jambo lingine. Sauti inayopita ukutani haizuiwi na sponji wala trei za mayai ambazo watu hubandika. Huzuiwa na uzito na kuziba mianya. Ndiyo maana kabati lilipelekwa kwenye ukuta wa jirani yule, likiwa limejaa nguo hadi juu, na chini ya mlango, palipokuwa na upenyo wa vidole viwili unaoleta ushoroba wote ndani, nikapigilia utepe wa mpira kwenye mbao za mlango. Keateka alisema ukuta, hakusema mlango, lakini nilimwomba ruhusa hata hivyo. Vipokea sauti vyenye maikrofoni karibu na mdomo vilimaliza sehemu kubwa ya kilichobaki. Na kwa bahati ya mpangilio, kamera yake ikimtazama huona kabati nyuma yake. Kitanda hakionekani.

Ijumaa na Jumamosi usiku muziki wa baa ya barabarani bado unaingia. Hilo sikuliweza, na nilimwambia hivyo. Amemwomba msimamizi wake zamu hizo zisiwe za simu, ziwe za ujumbe wa maandishi, na amekubaliwa.

Nilimsihi jambo moja lisilohusu mbao. Julai Nairobi ni baridi, mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyeziba mlango na kufunga dirisha ili apate utulivu hushawishika kuingiza jiko la makaa. Asiingize, hata kwa nusu saa. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na imeua watu wakiwa usingizini katika vyumba kama hivyo. Avae sweta, ajifunike blanketi miguuni. Na akipika kwa gesi, dirisha liwe wazi. Alinipa neno lake. Sasa hupika saa nne asubuhi, kabla ya zamu, na chakula cha jioni hukipasha tu.

Ilibaki shida ambayo yeye ndiye aliyeitatua. Usiku, akiwa kitandani, aliiona meza. Taa ndogo ya router ilimwita, akakumbuka mteja ambaye hakumjibu, akaamka. Katika nyumba ya vyumba viwili mtu hufunga mlango wa ofisi. Yeye alichukua leso, yaani khanga, ya mama yake, akaanza kuitandaza juu ya rafu, skrini na kibodi kila zamu inapoisha. Anasema siku ya kwanza alilala kabla ya saa nne. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumchorea mlango wa kukunja, wenye bawaba, wa bei. Niliukunja mchoro nikauweka mfukoni.

Wiki ya sita alinipigia. Shingo ilikuwa imepoa, lakini bega lilianza kumsumbua tena jioni, kidogo. Nilienda na futi. Nilimkuta ameketi pekupeku, miguu imening'inia kidogo kutoka kwenye kiti, na nikaelewa kabla sijapima. Siku ile ya kwanza alikuwa ametoka dukani, nami nilimpima akiwa na viatu vyenye kisigino cha sentimita 3. Nyumbani hafanyi kazi na viatu. Zulia jipya lilimrudishia sentimita 1. Akishusha kiti miguu iguse chini, meza inakuwa juu kwa sentimita 2.

Tuliipindua meza juu ya kitanda, nikaikata miguu yote minne, 65 ikawa 63, na vumbi la mbao tukalifagia kabla zamu yake haijaanza saa tano.